Kabati la Filamu za Marehemu

Filamu ya kwanza kufa ilikuwa ile ya mjane muuza maua. Bibi aliitia kwenye deki baada ya chakula cha mchana, kama alivyozoea, akakaa kwenye kiti chake chenye mto wa kijani, akanyoosha goti lake bovu juu ya kigoda, akangoja. Deki ikakoroma. Ikatetemeka mpaka kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu yake kikateleza upande. Kisha kwenye kioo cha televisheni yakatokea maandishi ya kukataliwa: hakuna diski.

"Hakuna vipi, na nimeiweka kwa mkono wangu?" Bibi akaiuliza deki.

Akaitoa, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akairudisha. Hakuna diski. Akaipulizia pumzi, akaipangusa tena. Hakuna. Akachukua nyingine, ile ya ndugu wawili waliogombea karakana ya baba yao, nayo ikacheza bila kinyongo. Akatia ya tatu, ya mwalimu wa muziki. Ikakoroma, ikatetemeka, ikafa.

Hapo ndipo alipoziweka zile mbili zilizokufa juu ya paja na kuzitazama vizuri. Kila moja ilikuwa na kipande cha selotepu nyeupe usoni, karibu na ukingo. Ile iliyocheza haikuwa nacho.

Alikijua kipande kile. Mke wa mwanawe, ambaye watu wote walimwita Mama Kitufe kwa sababu ya mtoto wake asiyeweza kuona kitufe cha kitu chochote asikibonyeze, alikuwa fundi cherehani. Kila nguo aliyoimaliza aliibandika kipande cha selotepu ya kitambaa, ile nene, asije akaichanganya na iliyobaki. Magauni ya wateja yalining'inia barazani na selotepu zao vifuani kama wanafunzi waliopewa nishani. Sasa alikuwa anazibandika na diski. Maana yake: hii nimeimaliza.

"Umeimaliza kweli," Bibi akasema.

Jambo lenyewe lilikuwa limeanza kwa wema, au kwa kitu kilichofanana na wema. Fundi wa televisheni alikuja akaifungua deki, akatikisa kichwa, akasema jicho lake limechoka na vipuri haviagizwi tena. Mama Kitufe, aliyekuwa akisoma kompyuta kwenye darasa la jioni, akaazima kompyuta ya darasani yenye mahali pa kutilia diski. "Mama, nitazikopi zote ziwe mafaili," alisema. "Siku deki ikifa, filamu za baba zinabaki." Bibi alikubali. Nani angekataa?

Zilikuwa za marehemu mumewe, aliyetumia maisha yake akichana tiketi mlangoni pa ukumbi wa sinema. Ukumbi ulipofungwa alianza kununua filamu, na hakununua ila halisi, zenye muhuri unaomeremeta kwenye kasha. Za kurudufiwa alizipita sokoni kama mtu anayepita karibu na mfereji wa maji machafu. Alizipanga kwenye kabati la vioo, na kabati hilo sasa lilisimama sebuleni kwa mwanawe, kando ya dirisha. Ndani ya nyumba ile, kabati na kilichomo ndicho kitu pekee alichokuja nacho Bibi. Vingine vyote vilikuwa vya wenyewe, hata kigoda alichonyooshea goti.

*

Bibi alianza kuchunguza.

Mama Kitufe alipomaliza kukata vitambaa, aliketi kwenye meza ya kulia na kompyuta mbele yake, mtoto kapakatwa, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukizuia vidole vidogo visibonyeze. Kompyuta ilivuma kama mashine ya kinyozi. Bibi akavuta kiti.

"Ya leo ni ipi?"

"Ya ndugu wa karakana, mama."

"Ukishaikopi inakwenda wapi?"

"Inaingia humu." Mama Kitufe aligonga kompyuta kwa ukucha.

"Yote?"

"Yote, mama. Mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo zake."

"Haibaki hata kidogo nje?"

Mama Kitufe akacheka. Alidhani mama mkwe anatania. "Haibaki hata kidogo. Huwa nahakikisha."

Kesho yake mchana, ndugu wa karakana walikuwa wamekufa pia. Selotepu ilikuwa usoni pao, imebanwa vizuri kwa kidole gumba.

Sasa Bibi aliona mengi. Aliona kwamba Mama Kitufe akimaliza hufunga kompyuta haraka mtu akipita. Aliona ana kitu kidogo cheusi chenye kifuniko, anakitia kwenye mkoba kila anapokwenda darasani, na mkoba hauachi hata akienda kuoga. Aliona anavyolipima kabati kwa macho, na siku moja akamwona analipima kwa futi yake ya kushonea kabisa, akanukuu kwenye kiganja chake kwa chaki, halafu akamgeukia Bibi na kutabasamu.

"Unapima nini?"

"Naangalia tu, mama."

Mtu hapimi kitu kwa futi halafu akasema anaangalia tu.

Jioni ya siku hiyo mwanawe alirudi kutoka kwenye tanuri la mikate, unga kwenye nyusi, akaketi jikoni na chai. Bibi alikuwa kwenye ujia na beseni la nguo zilizokauka. Hakujificha. Alisimama tu, na kusimama si kosa.

"Bado nyingi?" mwoka mikate aliuliza.

"Zimebaki za rafu ya chini. Zikishaingia zote, lile kabati litoke pale dirishani."

"Umemwambia mama?"

"Nitamwambia taratibu. Wewe usianze."

Bibi akarudi nyuma na beseni lake. Alikaa kitandani akakunja nguo ambazo hazikuwa zake, moja moja, mpaka soksi za mtoto. Filamu kwanza. Kisha kabati. Na mtu ambaye kabati lake limetoka, yeye anabaki amekaa juu ya nini?

*

Binti yake, msusi, alikuja siku ya mapumziko kumsuka. Bibi alikaa chini kwenye mkeka, binti juu ya kiti, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshikwa, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Unasema zote alizozigusa yeye?" msusi aliuliza.

"Zote."

"Na ambazo hajagusa?"

"Zinaimba kama kasuku."

Chanuo likasimama. "Mama, wewe umelala. Watu wanauza hizo. Unakwenda kibandani na simu yako, unatiliwa filamu, unalipa. Unadhani wanazitoa wapi? Kwa watu kama wewe, wenye filamu safi za dukani."

"Huyu mtoto wa watu si mwizi," Bibi alisema, bila nguvu.

"Sijasema mwizi. Nimesema kompyuta ni ya nani, flashi ni ya nani, na makasha matupu ni ya nani." Akamvuta nywele kidogo kuliko ilivyohitajika. "Kaka akiamka tunakaa. Leo leo."

Wakakaa. Mwoka mikate alikuwa bado na alama ya mto shavuni. Mama Kitufe aliitwa kutoka barazani, akaingia na sindano ikiwa imechomekwa kwenye kola ya gauni, akidhani kuna mgeni.

"Wifi, kaa," msusi alisema. "Mama ana jambo."

Bibi alitaka kulisema kwa upole, lakini upole ulikataa kutoka. "Filamu zangu zimekufa. Kila unayoibandika selotepu, imekufa."

"Zimekufaje, mama?"

"Hazichezi. Jaribu mwenyewe."

Mama Kitufe alichukua ya mjane muuza maua, akaitia kwenye deki. Ikakoroma, ikatetemeka, hakuna diski. Akajaribu ya mwalimu wa muziki. Hakuna diski. "Ngoja," alisema, akaleta kompyuta, akaitia humo ile ya mjane. Kompyuta ikatetemeka juu ya meza kama simu inayoita, ikagonga ndani mara kadhaa, ikaitema.

"Labda zimezeeka," alisema.

"Zimezeeka zile ulizozishika wewe tu?" msusi akauliza. "Hizi nyingine ni vijana?"

"Mwalimu wa darasani alisema kukopi hakudhuru diski. Filamu zote zipo, mama, tazama." Akafungua, na mjane muuza maua akatokea kwenye kompyuta na kikapu chake, anatabasamu, anaongea, safi kuliko alivyowahi kuwa kwenye televisheni.

Hakuna kitu kingine kilichomuumiza Bibi kama tabasamu lile. Mjane alikuwa amehamia kwa watu na wala hakuonekana kujuta.

"Si ndicho tunachosema?" msusi alisema. "Yumo humo. Huku hayumo."

Mama Kitufe aliigeuza ile diski mkononi. "Sijui," alisema mwishowe. "Kwa kweli sijui kwa nini."

"Na flashi? Fungua mkoba."

"Dada," mwoka mikate alisema.

"Kama hamna kitu, unaogopa nini?"

Mama Kitufe alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatafuta kitu sakafuni. Basi akaufungua mkoba mwenyewe, akatoa vitu juu ya meza: futi, chaki, soksi moja ya mtoto, biskuti iliyovunjika, flashi nyeusi. Msusi aliichomeka. Hapakuwa na filamu hata moja. Kulikuwa na mazoezi ya darasani, na juu kabisa barua ya kuomba kazi, ile ya kujifunzia. Msusi aliisoma kwa sauti, maana alikwisha kuifungua na hakujua aifanye nini tena.

"'Mimi ni fundi cherehani na mama wa mtoto mmoja. Najifunza haraka na ni mwaminifu.'" Akaguna. "Mwaminifu."

Hakuna aliyecheka. Mama Kitufe aliichomoa flashi, akaifunika kifuniko chake, akaanza kurudisha vitu mkobani kimoja kimoja, na biskuti iliyovunjika pia.

"Kompyuta irudi kwa wenyewe," mwoka mikate alisema. "Filamu zilizobaki zisiguswe. Na hilo darasa lipumzike kwanza mpaka mambo yatulie."

"Mtihani umekaribia."

"Lipumzike, nimesema." Alisema hivyo kana kwamba anaviambia viatu vyake.

"Na kabati?" Bibi aliuliza.

Wote wawili wakageuka kwa pamoja, mtu na mkewe, na Bibi akaona kwenye nyuso zao kwamba hakukosea kusikia.

"Kabati linabaki pale pale, mama," mwanawe alisema. "Halitoki."

Bibi alikuwa ameshinda. Chai ya jioni ile aliinywa ya vuguvugu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpashia, naye hakutaka kuomba.

*

Kesho yake mchana mwoka mikate alikuwa kazini na mtoto amelala. Kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, mezani, ikingoja kurudishwa darasani jioni. Cherehani ilisikika barazani, ikienda, ikisita.

Bibi alilifungua kabati. Moyo haukutulia. Kompyuta ilikuwa bado ndani ya nyumba, na mtu anaweza kuaga kwa kuiba ya mwisho. Basi alifikiri hivi: selotepu ndizo zinazomwonyesha Mama Kitufe ipi amekwisha kuikamua na ipi bado. Zikitoka, hatajua. Kama ni kuiba tena, aibe akipapasa.

Akakaa kwenye kiti chake na diski kwenye mapaja, akaanza kuzibandua kwa kucha. Zilikuwa zimeshika sawasawa. Ya kwanza ilipotoka, chini yake kulikuwa na uso wa mjane muuza maua, uliokuwa umezibwa jicho moja. Bibi alimtazama, naye akamtazama. Akaitia kwenye deki, kwa uchungu tu, kama mtu anayepiga simu ya marehemu.

Deki haikukoroma. Kukawa na ukimya mdogo, kisha filimbi ya mwanzo ikalia, na mjane akashuka ngazi na kikapu chake.

Bibi alibaki na kipande cha selotepu kikining'inia kidoleni.

Aliitoa diski. Akakibandika kile kipande pale pale kilipokuwa, akakibana kwa kidole gumba. Koroma, tetema, hakuna diski. Akakibandua. Filimbi. Akachukua ya mwalimu wa muziki, akaibandua, ikacheza. Ndugu wa karakana nao wakafufuka, wakiendelea kugombana. Akaishika diski kwa ncha za vidole, akaizungusha hewani, na akaelewa kwa kutumia goti lake mwenyewe. Kitu kile kilitakiwa kizunguke sawasawa. Selotepu ilikuwa inakielemea upande mmoja. Diski zilikuwa zinachechemea.

Hapakuwa na mtu aliyeona. Hilo ndilo wazo lililomjia, na lilikuja likiwa limevaa vizuri. Selotepu zingeweza kurudi mahali pake. Kompyuta ingerudi kwa wenyewe, kabati lingebaki dirishani, naye angebaki kando ya kabati. Hakuna ambaye angedai kitu, maana hakuna aliyejua kuna cha kudai.

Cherehani ikanyamaza. Dirishani, nyuma ya kabati, sauti ya Mama Kitufe ilisikika akijisemea peke yake.

"Mwalimu, nimeirudisha kompyuta. Mtoto anaumwaumwa." Kimya. "Hapana, atauliza anaumwa nini." Akakohoa. "Mwalimu, kazi za wateja zimenizidi. Nitarudi zikipungua." Kimya tena. Akairudia hiyo ya wateja, kwa sauti ya furaha kidogo, kisha kwa sauti ya kawaida, akitafuta ile itakayoaminika.

Bibi alisikiliza akitarajia kusikia jina lake. Akangoja. Mama mkwe hakutajwa, wifi hakutajwa, hata mume hakutajwa. Msichana alikuwa anaitafutia nyumba yao uongo safi wa kuvaa mbele za watu.

"Mama Kitufe," Bibi akaita. "Hebu njoo."

Aliingia na kusimama mlangoni, mikono mbele, kama mtu anayengoja kutumwa. Jana angeketi.

"Kaa hapa. Tia hii."

"Mama, nimeambiwa nisiziguse."

"Nakwambia mimi. Tia."

Akaitia. Mjane akashuka ngazi. Bibi akamwambia aitoe, akampa kile kipande cha selotepu, akamwonyesha pa kukibandika. Alipoirudisha, deki ikatetemeka na kukataa. Mama Kitufe alitazama deki, akatazama kidole chake chenye gundi, na macho yake yakaenda taratibu mpaka barazani, kwenye magauni.

"Selotepu," alisema.

"Selotepu."

"Yangu mimi."

"Yako. Na mdomo wangu mimi. Tugawane."

Mama Kitufe alianza kucheka, akaziba uso kwa viganja, na nyuma ya viganja kicheko kikageuka kilio. Bibi alimwacha. Alipomaliza, akampa upindo wa gauni lake, ule ule wa kupangusia diski.

"Sasa na wewe niambie kweli," Bibi alisema. "Kabati. Ulilipima."

Mama Kitufe alipangusa pua. Angeweza kukana. "Nililipima, mama. Mvua ikinyesha barazani cherehani inalowa, na vitambaa vya watu. Nilitaka niiweke pale dirishani penye mwanga. Nilidhani filamu zikishakuwa mafaili, kabati halitakuwa na kazi. Nikawa naogopa kukwambia, kwa sababu ni la baba."

"Na baada ya kabati?"

"Baada ya kabati nini?"

"Baada ya kabati, mimi."

Mama Kitufe hakukimbilia kumkumbatia wala kusema maneno matamu. Alikunja uso tu, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halimo kwenye somo. "Sasa mama, nikikutoa wewe, nikienda darasani huyu Kitufe nitamwachia nani? Baba yake analala hata akiwa amesimama."

Lilikuwa jibu la mtu ambaye hakuwahi kulifikiria jambo lile hata siku moja. Bibi aliligeuzageuza akitafuta nyufa, akaona limeshika.

Akachukua simu, akambonyezea binti yake, akaiweka mezani sauti wazi.

"Mwizi nimempata," alisema.

"Nilikwambia," msusi alisema, nyuma yake kukiwa na kelele za wateja na mashine za kukaushia nywele. "Amekiri?"

"Ni selotepu. Ukiibandua, filamu inacheza. Nimejaribu mwenyewe. Hakuna kilichoibwa isipokuwa usingizi wangu."

Bibi akaisogeza simu karibu na Mama Kitufe.

"Wifi yako yupo hapa anakusikia. Ulisoma barua yake kwa sauti, basi radhi nayo uiombe kwa sauti. Mimi nimeshaanza, wewe utamalizia. Na kaka yako nitamngoja mlangoni kabla hajavua viatu, maana jana ndivyo alivyokuwa anavitolea hukumu."

Mama Kitufe akainama kuficha tabasamu, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Jioni kompyuta ilikwenda darasani, na ikarudi. Mwoka mikate na jirani walilibeba kabati, wakalipitisha kwenye ujia kwa kulilaza ubavu, Bibi nyuma yao akiwaamuru kama mtu anayeongoza gari kurudi nyuma. "Litoke sebuleni, sawa," aliwaambia. "Nyumbani halitoki." Wakalisimamisha chumbani kwake, miguuni pa kitanda, ambapo akiamka angeliona kabla ya kitu kingine.

Kazi ya kukopi ikaendelea mchana baada ya mchana, cherehani ikiwa dirishani na kompyuta pembeni yake. Hakuna aliyebandika kitu tena. Diski ikimalizwa, Mama Kitufe aliirudisha kwenye kasha na kulipanga kasha kichwa chini, na hiyo ndiyo ikawa alama yao.

Bibi naye alikaa karibu, mtoto mapajani, akizuia vidole. Kila diski ilipotoka kwenye kompyuta aliipokea, akaenda nayo kwenye deki taratibu kwa goti lake, akaitia, akangoja mpaka picha itokee. Ikitokea aliitikia kwa kichwa na kuizima.

"Mama, bado una wasiwasi?" Mama Kitufe alimuuliza siku moja bila kuinua macho kwenye mshono.

"Wasiwasi wa nini?" Bibi alisema, akiitia nyingine. "Nahakikisha tu."